Kakangu alitaka kuuza mashine ya boti yetu, nikafungua oil seal mwenyewe

Wakuu, salaam aleikum.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na baadhi yenu humu mlikuwapo pwani mkinicheka. Nikiongeza hata neno, nisutwe.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa mtaa wa Kuze. Baba yetu, Mungu amrehemu, alituachia boti ya mashine, mimi na kakangu Abdalla. Mume wangu Omar ndiye nahodha, hutembeza wageni kutoka Bandari ya Kale mpaka Tudor. Sisi twala kwa boti ile. Kaka ana duka lake, kwake boti ni chuma tu.

Sasa mashine ikaanza vituko. Oili ya giaboksi ikitolewa, nyeupe kama tui la nazi. Maana yake, maji ya bahari yameingia.

Fundi akabadilisha oil seal, zile ringi za mpira kwenye shafti ya propela. Haukupita muda, tui. Akabadilisha tena. Tui!

Mwisho akasema giaboksi imepasuka, haina dawa. Kakangu hata hakukaa kitako.

"Nshapata mtu wa kuinunua. Yuwaja Ijumaa baada ya swala."

"Kaka Abdalla, na sisi tule nini?"

"Omar ni mwanamume, atapata kazi."

Wallahi damu ilinipanda. Na Omar wangu, mpole hadi kero, ameinamia kahawa yake!

Nikakaa nikawaza. Kila tukiifungua, oili haijapungua, imezidi. Na kama pamepasuka, mbona oili haivuji? Hii yetu yanywa tu, haitemi.

Nikamwambia Omar alete spana.

"Ufungue wewe?"

"Mimi. Wewe kazi yako kunishikia."

Maji yalipokupwa tukaiacha boti ikae mchangani. Nikakunja mikono ya buibui. Pale ukutani wanaume wamejipanga kama wako harusini. Mmoja akapiga kelele, "Bi Rukia, hiyo si sufuria!"

Nikamjibu, "Ingekuwa sufuria ungeshakuja na sahani. Nyamaza!"

Propela ikatoka. Nikavuta kile kikombe cha chuma kinachoshika shafti, kikanitoa jasho. Ndani mna seal mbili, kila moja ina mdomo wake wa mpira.

Zote mbili zimetazama ndani.

Asiyejua aelewe hivi: moja hutazama ndani kuzuia oili isitoke, nyingine hutazama nje kuzuia maji yasiingie. Baba alikuwa akizipachika zimepeana mgongo, nimemwona tangu utotoni. Huyu fundi wetu mlango wa bahari kauacha wazi, kisha asema nyumba imeanguka! Ebo!

Nikapitisha ukucha kwenye shafti, haina mkwaruzo. Nikanunua seal mpya, nikazipaka grisi, nikazigonga polepole kwa kipande cha ubao. Kikombe kikarudi, propela ikarudi, nikajaza oili mpya. Omar akaitembeza mpaka Alhamisi.

Ijumaa kaka akaja na mnunuzi wake, kanzu zimenyooka. Nikainua mashine juu ya maji, nikalegeza skrubu ya chini ya giaboksi mbele ya macho yao. Oili ikatoka safi, vile vile nilivyoimimina, nikaikaza skrubu.

Mwadhani alisema ahsante? Alijishika ndevu akamgeukia mnunuzi: "Basi hapa bei itapanda."

Wakuu, nilicheka kwa hasira.

"Kaka Abdalla, nakuheshimu, wewe ni mkubwa wangu. Lakini boti hii ina fungu langu, na mimi siuzi. Si leo, si mwakani. Tuonane kwa kadhi ukipenda."

Hapo Omar, yule yule mpole, akaishusha mashine majini, akaiwasha. "Shemeji, tupishe. Wageni wangoja." Sijawahi kumsikia akimjibu kakangu tangu anioe. Nikamwambia mnunuzi, akitaka kupanda apande, nauli ni ile ile ya kila mtu.

Boti iko majini mpaka ninapoandika. Kaka amenuna, atanunua sukari aje kutuliza mambo, namjua.

Nililojifunza: ukiambiwa kitu kimekufa, taka uonyeshwe maiti.

Mafundi mlio humu, nikosoeni kazi yangu, nasoma kila jibu. Ama wewe unayetaka kuandika kuwa mashine si kazi ya mwanamke, usijichoshe na kuandika. Njoo pwani uniambie nikiwa na spana mkononi.