Mwali Aliyesoma Nyuma ya Ukuta

Mwalimu alikuja nyumbani kwetu na vidonge vya homa. Alivifunga kwenye kipande cha gazeti, akapiga hodi mlango wa uani, hajui kwamba siku zile uani petu mwanamume hapiti.

"Mama, mtoto wako hajaonekana shule siku nyingi. Nimeambiwa yuko ndani, nimemletea dawa."

"Haumwi, mwalimu."

"Si wamesema yuko ndani?"

"Yuko ndani, ndiyo. Amekua."

"Kila mtoto anakua, mama. Wenzake nao wamekua na wako darasani."

Nikajiziba mdomo kwa kanga nisimcheke mgeni wa watu. Ilikuwa Kisarawe, miaka ya vijiji vya ujamaa, na yeye alikuwa kijana kutoka Bukoba, mtu wa kanisani, hana hata msimu mmoja kijijini. Kwao hakuna mwali. Kwetu binti akivunja ungo anawekwa ndani. Hatoki, haonwi na mwanamume, sauti yake haisikiki nje. Kungwi wake anamfunza mambo ya utu uzima mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Wengine walikaa ndani mpaka wakasahau jua linachoma vipi.

Majina ya wote hawa ninayo, mpaka la mbuzi aliyekula mkeka wa mwali. Siyaandiki. Wengine wametangulia, wengine wana wajukuu, kila mtu abaki na heshima yake.

Nilimweleza mwalimu taratibu, yeye mlangoni, mimi nimesimama katikati ya uani. Akavitazama vidonge vyake.

"Na mtihani wa darasa la saba, mama? Huyu mtoto ndiye tegemeo langu. Akiukosa, ndiyo basi tena."

Angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akatushitaki, maana serikali ilishasema watoto wote wasome. Hakwenda. Alisema tu, "Nitarudi kesho," akaviacha vidonge juu ya kinu.

Neno lake la ndiyo basi tena lilinikaa. Mimi mwenyewe niliishia la pili. Niliwekwa ndani, nikatolewa, nikaolewa, na barua nilikuja kujifunza kuzisoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni. Sikuwahi kuona maisha yangu mabaya. Lakini binti huyu alikuwa na kichwa. Akisikia redio ya jirani inataja Msumbiji au Vietnam, anauliza ni wapi, wanakula nini, wanagombea nini. Nilitaka aende mahali akajibiwe.

Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara Kibaha, anarudi mwisho wa juma. Nilipomweleza alisema, "Hayo ya dada. Mimi usinitie." Dada yake huyo, wifi yangu mkubwa, ndiye alikuwa kungwi wa mwanangu. Mwanamke mwembamba, mkali, mikono imejaa makovu ya mafuta ya korosho, maana alibangua korosho tangu yuko msichana. Kijiji kizima kilimwogopa. Mimi pia nilimwogopa, ila nilimjua. Alikuwa mtu wa sheria, na mtu wa sheria unaongea naye kwa sheria.

"Wifi," nikamwambia, "mwali haonekani. Je, kusikia, anasikia?"

"Masikio hatujamziba."

"Basi mtu akikaa nje ya ukuta akasema maneno yake, kuna mila iliyovunjika?"

Alinitazama kwa jicho la pembeni. Alijua ninakoelekea.

"Asisogee dirishani," akasema. "Na mwali asimjibu."

"Sasa atajibiwa na nani?"

"Na mimi."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Jioni, shule ikifungwa, mwalimu alikuja akakaa kwenye kigoda nje ya ukuta wa udongo, upande wa mihogo. Ndani mwanangu alikaa mkekani gizani, na wifi kando ya kidirisha. Mwalimu anauliza, mwali anamnong'oneza kungwi, kungwi anatoa jibu kwa sauti ya kuitia watu shambani.

"Mto mrefu kuliko yote Afrika?"

Mnong'ono.

"Mwali anasema Naili. Unamwaga maji Misri."

"Vizuri sana."

"Na mimi nauliza, mwalimu. Misri hiyo ndiyo ile ya Nabii Musa?"

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi."

"Kumbe ipo! Endelea."

Majirani walipata pa kutusemea. Shoga yangu mmoja alipita na ndoo kichwani akapaza sauti, "Jamani, mwali wenu anaposwa na ukuta?" Wifi akamjibu kutoka ndani, "Ukuta una adabu kuliko mumeo!" Watu wakacheka mpaka kisimani, na toka siku hiyo hakuna aliyesema tena.

Mwalimu yule hakufundisha kama walimu wengine, wa imbeni wote pamoja. Alianza na kitu ulichonacho, akakifuata mpaka kinakoishia. Ukivaa kanga, pamba imetoka wapi, imefumwa wapi. Ukiwasha koroboi, mafuta yamechimbwa nchi gani. Alisema mtoto wa Kisarawe asidhani dunia iko kwingine na yeye yuko pembeni anaitazama. Yumo.

Siku moja akauliza, "Korosho tunazouza hapa, zinakwenda wapi?"

Hakukuwa na mnong'ono. Mwali hakujua. Wifi alijikohoza.

"Zinakwenda kwenye lori," akasema.

"Halafu, bibi?"

"Halafu nitajuaje? Mimi naishia kwenye mizani."

Mwalimu akaeleza. Nyingi zinapanda meli bandarini Dar es Salaam, na maganda yake, mpaka Bara Hindi. Huko wanawake wanakaa safu kwa safu wanabangua, kisha zinapelekwa Marekani na Ulaya, watu wanakula na vinywaji vyao. Halafu nikamsikia wifi akiuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hao wanawake wa Bara Hindi, mafuta yanawaunguza mikono kama sisi?"

Mwalimu hakujua. Nilimpenda kwa hilo, hakubuni. Alisema, "Sijui, bibi. Nitakwenda kuuliza."

Na kweli alikwenda. Jumamosi alipanda basi mpaka Tumbi, kule Kibaha, penye shule kubwa na maktaba, na walimu wageni wa kutoka nchi za baridi. Alirudi kesho yake vumbi tupu, na amepakata kitu kilichofunikwa shuka kama mtoto mchanga. Lilikuwa tufe la dunia, ameliazima. Nililipokea mimi, nikampa wifi, likaingia chumbani kwa mwali.

Chumba cha mwali ni giza hata mchana, na giza lile lilitufaa. Mwalimu kutoka nje alituelekeza: "Washeni koroboi, iwekeni upande mmoja. Hiyo ni jua. Sasa zungusheni dunia polepole." Mwanangu alizungusha. Bara Hindi ikaingia kwenye mwanga, sisi tukafuata nyuma yake, Marekani bado gizani. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, ugali unaungua jikoni, siwezi kuondoka.

"Kwa hiyo wao wanaamka kabla yetu," akasema wifi.

"Kabla yetu, bibi. Na lile swali lako nimepata jibu. Yupo mwalimu mmoja pale Tumbi aliyewahi kufika huko Bara Hindi. Anasema yanawaunguza. Wanapaka majivu mikononi kabla hawajabangua."

Wifi alitazama viganja vyake kwenye mwanga wa koroboi. "Majivu," akasema. "Kama sisi. Na hawajatuona!" Akaweka kidole chenye kovu juu ya Bara Hindi, akakaa hivyo, mwanangu akaacha kuzungusha ili asimwondolee.

Toka hapo hakumwachia mwalimu nafasi. "Mwali anauliza" hili, "mwali anauliza" lile, na mwalimu anacheka nje: "Ni mwali huyo au ni wewe, bibi?" "Mwali! Mimi nina shida gani na Japani?"

Lakini mtihani ulikuwa unakuja, na kuhusu hilo wifi hakusema neno. Nami sikumgusia. Ilipobaki siku moja, mwalimu alikuja mapema, hakukaa kwenye kigoda.

"Bibi, kesho sitaweza kumsikiliza kwa mdomo wako. Kesho anaandika mwenyewe, mbele ya msimamizi mgeni. Darasani."

Kumtoa mwali kabla ya ngoma ni aibu ya ukoo mzima, na kungwi ndiye anayesutwa. Nilijua ningekuwa namwomba nini mwanamke yule, na ndiyo maana nilikuwa sijaomba.

"Hilo darasa lina kuta?" akauliza wifi.

"Zipo, bibi."

"Lina paa?"

"La bati."

"Madirisha yanazibika?"

"Tukiweka kanga."

"Basi mwali hatoki. Namhamisha chumba tu."

Alfajiri tulimfunika mwanangu kanga mbili kutoka kichwani, tukapita njia ya nyuma, ndani ya mikorosho, wifi mbele, mimi nyuma, yeye katikati anaona miguu ya wifi tu, anaifuata. Kanga zilishafungwa madirishani. Walimweka dawati la nyuma kabisa, pembeni, na wavulana wakaambiwa wakigeuka wamefeli. Msimamizi alishangaa, mwalimu akamvuta kando wakazungumza, akatingisha kichwa akakubali. Wifi alitandika mkeka chini ya mti ulio jirani na mlango, akakaa kama askari. Kila mvulana aliyepita aliambiwa, "Pita. Macho yako kwenye kalamu."

Jua lilipanda. Tulisikia kengele, tukasikia viti. Mwanangu alitoka wa mwisho, amejifunika, mkono umechafuka wino. Mimi nilitaka kumuuliza kama amechoka, kama ana njaa. Wifi aliniwahi.

"Korosho imeulizwa?"

"Imeulizwa, shangazi."

"Ukajibu?"

"Nimejibu."

"Twende ndani."

Alichaguliwa sekondari ya bweni. Ngoma ya kumtoa ilichezwa kabla hajaondoka, ngoma kubwa, na waliokuja kumsuta wifi walikula pilau wakanyamaza. Baadaye binti alisomea uuguzi, akapelekwa nchi za nje kuongeza elimu, akarudi akafanya kazi, na nyumba ninayokaa leo hapa Picha ya Ndege, Kibaha, ameijenga yeye. Wajukuu wananionyesha simu, wanaongea na mtu aliyeko Uchina kana kwamba yuko hapo Pangani, mtaa wa jirani, wanadhani nitashtuka. Sishtuki. Niliiona dunia ikizunguka nyumbani kwangu, mwanga ni wa koroboi.

Na wifi? Msimu uliofuata aliletewa mwali mwingine, mtoto wa yule shoga yangu wa ndoo. Alimpokea kwa taratibu zote, akatandika mkeka, akafunga mlango. Kisha akanichungulia kidirishani.

"Wifi, mbona unasimama tu? Nenda kamwite mwalimu. Mwambie aje na ile dunia yake."