Machungwa Niliyoyaosha

Ile ndoo ya buluu bado ninayo. Natekea maji, nafulia, naoshea mboga, na bado sijaisamehe. Najua ndoo haina makosa. Ndoo ni plastiki, haina akili wala dini. Lakini mtu mwenye hasira lazima apate kitu cha kupiga teke. Mwenyekiti wa kamati ya mapambo siwezi kumpiga teke, kwa sababu Jumapili tunakaa benchi moja, na mimi mwenyewe siwezi kujifikia. Kwa hivyo inapigwa ndoo.

Wacha nieleze kwa utaratibu, maana nimesoma. Nilimaliza shule ya jioni, ile watu wanaita ngumbaru, nikiwa tayari na umri wa kuitwa nyanya, na mwalimu alisema sauti yangu ya kusoma ingeweza kuswaga ng'ombe kutoka Isiolo mpaka Moyale bila fimbo. Siku moja alitugawia kurasa za gazeti kuukuu, kila mtu asome yake. Mimi niliangukia habari za watu wa ng'ambo wanaokata machungwa vipande vyembamba, wanavikausha ndani ya oveni nusu siku, halafu wanavitunga kwa uzi na kupamba nyumba wakati wa Krismasi. Nilipofika penye oveni nilicheka mpaka mwalimu akaniuliza kama nimemeza nzi. Oveni! Mimi nauza matunda soko la Isiolo. Hapa ukisahau chungwa juu ya meza asubuhi, jioni unaokota kokoto. Paa langu la mabati, saa saba mchana, linaweza kuoka mkate wa wilaya nzima.

Nikajua papo hapo la kufanya.

Kanisani kwetu, kila Desemba, zilikuwa zinatolewa sandukuni karatasi za kung'aa zilizonunuliwa mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Upande mmoja zilikuwa zimepauka, upande wa pili zimenyonyoka kama kuku mgonjwa. Nilimwendea mwenyekiti wa kamati. Yeye ni mama wa ofisi, mume wake ni wa ofisi, na viatu vyake husikika kabla hajatokea. Nikamweleza habari ya machungwa. Akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala.

"Lete tuone," akasema. "Ikiwa smati, utapewa msumari wa mbele."

Msumari wa mbele ni ule ulio ukutani juu ya madhabahu. Hata mahubiri yakichosha namna gani, macho ya kanisa zima yanatua hapo. Miaka yote mimi ni mama wa kufagia na kubeba mabenchi. Hakuna kitu cha mkono wangu kilichowahi kuangikwa mahali popote watu wakakitazama. Niliutaka huo msumari kuliko nilivyokitaka cheti cha ngumbaru.

Nikakata machungwa elfu tatu. Haya, tuseme mia mbili. Yalikuwa machungwa ya mashamba ya kule Rapsu, madogo, yenye ganda gumu, yale ambayo wateja wanayabonyeza na kuyarudisha. Ya kwanza niliyatandaza moja kwa moja juu ya mabati, yakaungua kama chapati ya bibi harusi. Ya pili nikayatandaza juu ya chandarua kikuukuu, nikawa napanda ngazi kila saa kuyageuza, na jioni nayashusha yasipate umande. Yakakauka vizuri sana. Nikayaweka ndani ya kikapu. Asubuhi nilikuta sisimizi wa Isiolo yote, na nadhani wengine walitoka Kipsing kwa miguu.

Ploti yetu ina milango sita na bomba moja. Mlango unaotazamana na wangu ni wa mama Mborana anayeuza maziwa ya ngamia. Tumeishi hapo miaka mingi, yeye akiniletea nyama ya Idd, mimi nikimpelekea chapati za Krismasi, na tumegombana mara moja tu, juu ya kamba ya nguo, na haki ilikuwa yangu. Wiki nzima alikuwa akinitazama nikipanda na kushuka.

"Salaam aleikum, mwalimu," aliniambia. Tangu nipate cheti hana jina lingine kwangu. "Huko juu unaanika nini? Masikio ya watu?"

"Ni machungwa ya Krismasi."

"Krismasi yenu inakula kavu?"

"Hailiwi. Inaangikwa."

"Chakula hailiwi, inaangikwa." Akageukia mlango wake kana kwamba kuna mtu wa kumshuhudia. "Ati amesoma."

Aliponiona nikipigana na sisimizi alikuja mwenyewe. Alichukua kipande kimoja, akakipuliza, akakinusa, akakibonyeza kwa ukucha.

"Umekausha tu," akasema. "Hujafukiza."

"Kufukiza machungwa?"

"Maziwa ikikaa kwa kibuyu bila moshi, inaharibika. Sasa wewe unataka tunda ikae mpaka Krismasi bila moshi. Nani alikufundisha?"

"Gazeti."

"Gazeti haina ngamia."

Alasiri mbili tulifanya kazi hiyo pamoja mbele ya mlango wake. Alitoa chini ya kitanda vijiti vya kufukizia vibuyu. Mti wenyewe aliutaja kwa Kiborana. Nilipojaribu kuurudia aliniambia niache kabla sijamtukana mtu. Alivichoma mpaka vikawa makaa, akavisonga kwa majivu moto usiamke, akafunika kwa tenga kubwa lililopinduliwa, na ndani ya tenga tulikuwa tumening'iniza vipande vyote. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kuchunga. "Moshi, si moto," alikuwa akinikumbusha kila baada ya pumzi mbili. "Ukiona moto, hiyo ni kupika."

Vilitoka na rangi ya dhahabu ya kale. Ukikiinua kipande juani, kilikuwa kama glasi ya chai ya rangi, na zile mbegu ndani unaweza kuzihesabu. Sisimizi walifika mlangoni, wakanusa, wakageuka kama waliosoma tangazo. Tulivitunga kwa uzi wa shanga, na kati ya kipande na kipande tukaweka kokwa za tende alizokuwa amezihifadhi tangu Ramadhani, akizisugua moja moja kwa pindo la leso yake.

"Na mimi nitaiona wapi?" akaniuliza.

"Utaiona kanisani. Simama tu kwa ua. Milango inaachwa wazi kwa sababu ya joto, na msumari wa mbele unaonekana mpaka barabarani."

"Wewe utaweka mbele?"

"Mbele kabisa. Nimekuambia."

"Haya. Nitapita na maziwa yangu nione."

Sasa ndipo hasira inapoanzia.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, baada ya ibada, nililitandaza lile shada juu ya meza mbele ya kamati. Wanawake wawili walisema "Aaa!" kwa sauti moja. Mwenyekiti akainama. Pua yake ikafika kwanza. Akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hii inanuka nini?"

"Imefukizwa, mwenyekiti. Ili isiliwe na wadudu."

"Inanuka jerikeni ya maziwa ya ngamia!" Akapepea hewa kwa kitabu cha nyimbo. "Tutaleta harufu ya boma mbele ya madhabahu? Wageni watafikiri tumefungua soko la maziwa hapa ndani."

Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ndiyo. Mimi, mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe mpaka Moyale, nilicheka kama msichana anayetafuta kazi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo mengi hivi kwamba leo, miaka imepita, bado nayapata mapya nikikatakata sukuma wiki. Ningemwambia chai yenye moshi huo imenywewa hapa kabla babu yake hajaona kiti cha ofisi. Ningemwambia Yesu mwenyewe alizaliwa kwenye harufu ya boma na hakulalamika. Badala yake nilisema, "Nitaosha, mwenyekiti."

Nikaenda nyumbani, nikajaza ile ndoo ya buluu, nikatia sabuni ya unga, nikazamisha.

Nilikuwa bado nasugua jirani yangu alipoingia lango la ploti na jerikeni zake tupu. Aliziweka chini. Alisimama muda mrefu akiangalia ndani ya ndoo, maji yakiwa yamegeuka rangi ya chai.

"Unafanya nini?"

"Naondoa harufu kidogo tu. Wamesema…"

"Unaosha moshi?"

Nikaendelea kusugua.

"Kibuyu ikishafukizwa haitiwi maji," akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hata mtoto wa miaka tano anajua. Hiyo maji inamwaga kazi yote." Halafu akaokota jerikeni zake. "Ulisema harufu ni mbaya?"

"Si mimi niliyesema."

"Lakini mkono ni yako."

Akaingia kwake. Siku mbili hakuniita mwalimu. Alinisalimu vizuri kabisa, salaam ya mtu na mgeni, na hiyo ilinichoma kuliko tusi.

Yale machungwa nayo yalifanya alivyosema. Yalilainika, yakanata, na siku ya pili yakaota ukungu wa kijani wenye manyoya kama paka. Nilimkasirikia mwenyekiti, nikaukasirikia ukungu, nikalikasirikia gazeti. Nilipomaliza wote wa kuwakasirikia nikabaki mimi na ndoo. Nikaipiga teke, ikagonga mlango wa jirani, tup! Hakufungua.

Zilibaki siku tatu. Nilichukua machungwa mezani pangu sokoni, safari hii yale mazuri, nikakata, nikaanika juu ya chandarua, nikakaa pale juu ya paa kama kunguru nikiyageuza mpaka nikaungua shingo. Mkesha wa Krismasi, alasiri, yalikuwa makavu. Nikaomba tenga kwa jirani wa mlango wa tatu, nikaokota vijiti vilivyosalia karibu na jiko la yule mama wa maziwa, bila ruhusa, nasema ukweli, nikawasha mbele ya mlango wangu.

Moto ukaamka. Nikaupiga kwa ndala, ukaamka tena. Tenga likaanza kushika upande mmoja. Nikapuliza, jambo ambalo hata mimi najua halisaidii.

Mlango unaotazamana na wangu ukafunguka kwa kishindo.

"Unachoma! Toa! Toa hiyo moto, unanichomea vijiti!"

Akanisukuma kwa nyonga, akamwaga majivu, akalipindua tenga, akapanga upya, na muda wote huo mdomo haukupumzika: cheti cha bure, macho ya bure, mwizi wa kuni. Nilikaa chini nikapokea. Moshi ulipotulia, mweupe na mwembamba, na yeye akatulia.

"Na hii utaosha?"

"Wallahi siioshi."

"Wewe huapi wallahi."

"Leo naapa."

Asubuhi ya Krismasi nilifika kanisani kabla ya mwenyekiti. Nikatoa karatasi zake za kung'aa kwenye msumari, nikazikunja vizuri, nikaziweka kwenye kiti chake. Nikaangika shada letu. Watu walikuwa wamejaa mwenyekiti aliposimama mbele yangu, pua juu.

"Tulizungumza kuhusu hiyo harufu."

"Tulizungumza. Leo nimeongeza."

"Itabidi itolewe."

"Toa, mama. Kiti ndicho hicho. Panda."

Akaangalia kiti, akaangalia viatu vyake, akaangalia kanisa zima lililokuwa likituangalia. Akaenda kukaa. Hakuniambia neno siku hiyo, wala mimi sikumtafutia, na kama alitaka niombe radhi bado anangoja.

Ibada ikafika kwenye matangazo. Aliyesoma ni yeye, mwenyekiti mwenyewe, tena kwa madaha. Nikageuza kichwa kuelekea mlangoni. Kule nje ya ua, jerikeni miguuni, jirani yangu alikuwa amesimama, mkono juu ya macho kukinga jua. Alikuwa anaangalia msumari. Nikangoja atabasamu. Alinyoosha kiganja, akakilaza upande: imepinda.

Damu ikanipanda upya. Mchana kutwa juu ya paa, shingo imeungua, vita na kamati nzima, halafu imepinda! Lakini nilipotazama, kweli, lilikuwa limepinda.

Nikasimama. Nikapita mbele ya benchi zote, nikapita mbele ya mwenyekiti na karatasi yake ya matangazo, nikapanda kiti, nikalivuta shada kushoto. Mwenyekiti akanyamaza katikati ya neno. Nikageuka kuangalia nje.

Akatikisa kichwa. Bado kidogo.