Faru Jike na Asali ya Jirani

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkiona maneno yangu yanakwenda huku yanarudi kule, nivumilieni. Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa Idodi, nimeajiriwa na Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita mzungu wa kulinda wanyama. Kazi yangu, mimi na askari mmoja mtu mzima, Msangu, ilikuwa kumchunga faru jike mmoja na mtoto wake. Faru walikuwa wamekwisha kuwa wachache hata wakati huo. Huyu alikuwa na dimbwi lake la kugaagaa tope, na amri ilikuwa moja: dimbwi lisijulikane. Tulikuwa tunatoka pale kinyumenyume, tukifagia nyayo zetu kwa tawi. Mgongo uliniuma sana. Mpaka leo unaniuma, lakini hiyo ni habari nyingine.

Wakati huohuo nilikuwa naposa. Kwetu Uheheni mposaji hulima shamba la baba mkwe kabla hajapewa mke, na mkwe haambiwi hapana. Basi siku moja tumemaliza kupalilia, tumekaa tunakunywa ugimbi, mkwe akaniuliza faru wangu analala wapi. Ningefanyaje? Nikamwambia.

Hapana. Ngoja niseme vizuri. Habari hii nimewasimulia wajukuu hivyohivyo miaka mingi, nao wakanionea huruma. Ukweli ni kwamba mkwe hakuniuliza. Alikuwa ananitania mbele ya shemeji zangu, eti, "Mwanangu, wenzako wanaleta nyama nyumbani, wewe umeajiriwa kufagia pori." Wakacheka wote. Pombe ilikuwa imeshapanda kichwani, nikajibu kwamba kati yao wote hapo ni mimi peke yangu ninayejua faru anapogaagaa, chini ya mkuyu, pale korongo linapopinda. Mkwe akauvuta mtungi karibu. Akanijazia kata. Alikuwa na gobore, na nilijua ana gobore.

Tai ndio waliotuita. Yule jike alikuwa amelala ubavu, pembe zimekatwa, na mtoto wake yuko palepale, anamsukuma mama kwa pua kama anayemwamsha anyonye. Tulipokaribia alitufukuza, kisha akarudi kwa mama yake. Msangu alivua kofia. Halafu akanigeukia, akaniuliza polepole:

"Mdogo wangu, mahali hapa tunapajua wawili. Nani mwingine?"

Nikamwambia, "Labda warina asali, kaka."

Mrina asali wa upande ule alikuwa mmoja tu, mzee jirani yetu, aliyenifundisha mimi kupanda mti na moshi mkononi. Bwana Nyama alipopelekewa neno langu akampiga marufuku kuingia porini. Mizinga yake iliyobaki huko ikaliwa na nyegere. Mzee hakujua marufuku ile ilitoka kinywani mwa nani, alidhani ni mambo ya serikali tu. Na yule mtoto wa faru? Siku ya tatu hatukumkuta. Nyayo zake ziliingia kwenye mawe, zikapotea.

Mke nilipewa mapema kuliko nilivyotegemea. Siku ya harusi yule mzee akaja amekumbatia kibuyu, asali ya mwisho aliyokuwa ameiweka. Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kula, mwanangu, wewe na mwenzio," akasema. "Nyingine sina tena. Wanasema mimi naua faru." Akacheka mwenyewe.

Baba mkwe alikuwa ameketi karibu yetu. Alichovya kidole, akalamba, akaisifu. Mimi nilisema jino linaniuma.

Mke wangu alikuwa mtu wa kuamini. Tangu siku ile hakuniwekea asali, miaka yote mpaka anakufa, na watoto aliwaambia baba yenu ana jino bovu.