Mbeba Mpira Mzito wa Emil Hudak

Emil Hudak hakupenda watu wadogo wa umbo. Alilisema hilo wazi, mbele ya hao watu wadogo wenyewe, na hakuona kwa nini aombe radhi. Kazi yake ilikuwa kupima uzito. Tangu ujana wake alikaa kwenye kibanda cha mizani katika yadi ya vyuma chakavu ya Kessler, chini ya kilima, pale mto Monongahela unapojikunja, na kila lori lililobeba mabaki ya viwanda vilivyofungwa lilipita juu ya mizani yake. Madereva waligombana naye kila siku. Yeye aliwaonyesha namba kwenye kioo, akafunga dirisha, basi.

Zamani alikuwa mbeba mpira wa timu ya shule ya sekondari, katika ule mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono na helmeti. Alikuwa mzito, mwenye mapaja kama magogo, na kazi yake ilikuwa moja tu: apewe mpira, ainamishe kichwa, apite katikati ya watu mpaka wenyewe wachoke kumng'ang'ania. Goti la kushoto likamtoka mwaka wa mwisho wa shule. Mke wake, Vilma, alimvumilia kwa miaka mingi, kisha akahamia Ohio kwa dada yake na hakurudi. Kilichombakia Emil ni kibanda chake, mtoto wake wa kiume Rudy ambaye hawakupatana, na timu ya watoto ya chama cha Waslovaki.

Timu hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini. Mji una timu nne za watoto, na ya Emil ilikuwa imemaliza ya mwisho misimu miwili mfululizo. Andrej Belko, mwenyekiti wa chama, alimwita Emil baa, akamwagizia bia, kisha akamwambia kabla hajainywa.

"Kocha, mwaka huu ukimaliza wa mwisho tena, filimbi tunaichukua."

"Mtampa nani?"

"Rudy."

Emil aliisukuma ile bia mpaka upande wa pili wa meza. "Rudy hajawahi kubeba mpira hata siku moja."

"Na nani alimnyima?" Belko akauliza.

Hilo lilikuwa kweli, na mji mzima ulilijua. Rudy alipokuwa mtoto alikuwa mwembamba na mwepesi, mwenye miguu isiyotulia. Baba yake, kocha wake, alimweka safu ya mbele, kule wanakosukumana watoto wanene kumfungulia njia mbeba mpira, ili ajifunze maana ya uzito. Alikanyagwa miaka yote aliyocheza. Sasa alikuwa fundi wa mapaa, mtu mzima mwenye watoto, na alikuwa msaidizi wa baba yake kwenye timu. Watu walidhani anasaidia kwa sababu ya mapenzi. Yeye alikuwa anasubiri.

Mwezi wa Aprili makocha wa timu zote hukutana kwenye ukumbi wa wazima moto kugawana watoto wapya. Asubuhi watoto hukimbizwa uwanjani wakitazamwa, mchana makocha hukaa kwenye meza ndefu, hula mkate wenye samaki wa kukaanga, na kila mmoja huchagua kwa zamu. Aliyemaliza wa mwisho huanza. Kwa hiyo Emil ndiye aliyekuwa na neno la kwanza, na timu ilihitaji mbeba mpira kuliko kitu kingine chochote.

Wawili ndio walioonekana. Dale Brozek alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, mwenye shingo iliyoingia moja kwa moja mabegani. Watoto watatu walimrukia asubuhi ile akawaburuta. Wa pili, Nico Tamburro, alikuwa mdogo kiasi kwamba helmeti yake ilizunguka kichwani kila alipogeuka, lakini hakuna aliyemgusa.

"Baba, mchukue Nico," Rudy alinong'ona. "Hujamwona? Hakushikwa hata na mtu mmoja."

"Hakushikwa kwa sababu hawakumwona. Nyasi zilimficha," Emil akasema bila kunong'ona.

"Safu yetu ya mbele haiwezi kufungua hata mlango wa choo. Ukimpa mpira yule mnene atagonga migongo ya wenzake na kuanguka. Tunataka mtu anayejitafutia njia."

"Mbeba mpira hatafuti njia. Anaitoboa."

"Kwa watoto wa miaka kumi na moja?"

"Kwa watu wa umri wowote. Hukujifunza hilo kwa sababu hukuwa na kitu cha kutobolea."

Rudy aliweka mkate wake chini. Upande wa pili wa meza, Loretta Pascuzzi, mwenye duka la matairi na kocha wa timu ya duka hilo, akagonga meza kwa kijiko.

"Hudak, chagua basi! Kahawa inapoa na mimi nazeeka."

"Ulishazeeka, Loretta. Ni kahawa tu iliyochelewa."

"Chagua, we mzee wa makopo!"

"Dale Brozek," Emil akasema kwa sauti kubwa. Loretta akacheka mpaka akafuta macho. Zamu yake ilipofika akamchukua Nico, na hata hakumtazama Emil alipolitaja jina.

Sasa, kuna kanuni moja ambayo Emil aliijua kama anavyolijua jina lake. Mtoto akizidi ratili mia moja na ishirini na tano siku ya kupimwa, mwezi wa Agosti, haruhusiwi kubeba mpira. Hubandikwa utepe mweusi katikati ya helmeti, utosini, ili waamuzi wamtambue kwa mbali, naye hucheza safu ya mbele msimu mzima. Dale alikuwa chini ya kiwango hicho. Kwa hesabu ya Emil alikuwa chini mno. Uzito usiotumika ulimuuma kama pesa iliyosahauliwa kwenye suruali. Akaamua kumjaza mpaka ukingoni kabisa.

Dale alilelewa na bibi yake, Agnes. Kila Jumapili Emil alifika pale na mfuko: soseji, siagi, viazi, na pierogi, vile vipande vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, alizonunua kanisani kwa akina mama.

"Kocha, mtoto ameshashiba," Bi Agnes alimwambia.

"Mwongeze, mama."

"Usiku anahema kama mbwa mzee."

"Ni nguvu hiyo inaingia. Kula, Dale. Unataka kubeba mpira au hutaki?"

"Nataka, Kocha," Dale alisema huku mdomo umejaa, na alitaka kweli. Ukutani mwa chumba chake alikuwa amechora njia atakazopita, zote zikiwa mstari mmoja ulionyooka.

Mwisho wa Julai Emil alimpeleka yadini kumpima. Bi Agnes hakuwa na mizani, na Emil hakuona haja ya kwenda kwa watu wakati alikuwa na mizani yake mwenyewe. Dale akasimama peke yake katikati ya lile jukwaa la chuma la kupimia malori, mikono ubavuni, jua likimchoma. Kioo kikasoma mia moja na ishirini.

Mizani ya malori haihesabu ratili moja moja. Huruka ishirini ishirini. Kilichopo katikati hukisukuma juu au chini. Emil alilijua hilo. Alikuwa amewaambia madereva mara nyingi, walipolalamika, kwamba ratili kumi kwenye mizani hii ni mavi ya njiwa. Lakini namba ilikuwa kwenye kioo chake, na maisha yake yote namba iliyo kwenye kioo chake ilikuwa imemaliza ubishi.

"Safi kabisa," akasema. "Jumapili nitaleta soseji tena."

Siku ya kupimwa, ukumbi wa wazima moto ulijaa wazazi. Mizani ilikuwa ndogo, ya zahanati, na Belko ndiye aliyesukuma kile kijiwe cha chuma kwa kidole. Nico Tamburro alipanda na kushuka, watu wakacheka, Loretta akambusu utosini. Kisha Dale akapanda. Belko akasukuma kijiwe. Akakisukuma tena. Akainama karibu.

"Mia moja na ishirini na tisa."

"Avue viatu," Emil akasema.

"Ameshavua, Kocha."

"Soksi, basi."

"Soksi zina ratili nne? Amevaa zege?" Loretta alipaza sauti kutoka nyuma. "Mnyoe na nywele, Hudak! Na masikio umkate!"

"Nyamaza, mwanamke!"

"Mimi ninyamaze? Ulichagua mbeba mpira, umefuga nguruwe wa Krismasi!"

Watu waliangua kicheko, halafu wakakiacha nusu walipouona uso wa mtoto. Belko alikwishachukua utepe mweusi. Aliubandika taratibu, akiunyoosha kwa kidole gumba kutoka paji la helmeti hadi kisogoni.

"Kwa hiyo sitashika mpira?" Dale akauliza.

Akamgeukia Emil.

"Lakini wewe ndiye uliniambia nile."

Emil alitoka nje. Rudy alimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari la watu.

"Ulimpima wapi?"

"Yadini."

"Kwenye mizani ya malori?" Rudy alianza kucheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. "Umempima mtoto kwenye mizani ya malori! Mimi ulinibana safu ya mbele kwa sababu sina uzito. Huyu umembana kwa sababu umempa uzito. Hivi kuna mtoto yeyote mji huu ambaye hutamharibia mpira?"

"Chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga toka nikiwa na miaka kumi. Umechoka kuchungwa."

Msimu haukuchukua muda kuharibika. Emil aliwapa mpira wale wazito waliobakia chini ya kiwango, na wakagonga migongo ya wenzao kama alivyosema Rudy. Mchezo wa mwisho ulikuwa na timu ya duka la matairi. Aliyeshindwa angekuwa wa mwisho, na Emil aliingia uwanjani amevaa koti la chama lililopigwa pasi.

Nico alikimbia siku ile kama mtu aliyeiba. Alipita kushoto, alipita kulia, na mara moja alipita kati ya miguu ya Dale Brozek mwenyewe, ambaye aligeuka polepole kumtafuta. Kila alipofika mwisho wa uwanja, Loretta alivuka mstari kuja upande wa Emil.

"Hudak! Na leo nyasi zimemficha?"

Rudy alisimama karibu na baba yake, mikono mifukoni, mpaka mchezo ulipokwisha na wakawa wa mwisho tena.

Jumatatu Belko alikuja yadini kuichukua filimbi. Emil aliivua shingoni na kuitupa juu ya jukwaa la mizani badala ya kumpa mkononi, na Belko ikabidi ainame.

Majira ya baridi yote Emil hakwenda baa. Mwezi wa Machi Rudy alileta lori la mabati ya paa yaliyooza, akapanda mizani, akashuka na kuja dirishani. Filimbi ilikuwa shingoni mwake, na Emil alijua kwamba ameivaa makusudi.

"Nahitaji mtu wa safu ya mbele," Rudy alisema.

"Kufundisha?"

"Kufundisha. Wenye utepe mweusi."

"Na mbeba mpira? Nani atamchagua?"

"Mimi. Nimeshamwona. Mdogo kuliko Nico."

Emil alitazama namba kwenye kioo. "Unaniweka safu ya mbele."

"Ndiko ulikoniweka. Ulisema ni mahali pazuri pa kujifunzia." Rudy alivuta karatasi ya uzito kutoka dirishani kabla baba yake hajaiachia, ikachanika kona. "Ukikataa, usije uwanjani kabisa. Hata kutazama. Nitamwambia Belko akutoe."

Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda siku za Jumamosi, na wote wawili walijua.

Agosti ilipofika, Emil Hudak alikuwa kwenye matope ya uwanja wa mazoezi, amepiga goti moja, lile zima, mbele ya watoto wanene wenye utepe mweusi utosini. Alikuwa akiwafundisha kuinama, kusukuma, na kuacha pengo dogo tu, la upana wa mtoto mwembamba. Dale Brozek alikuwa katikati yao. Tangu siku ile ya mizani hakuwahi kumpa Emil neno ambalo halikuwa la lazima.

"Kocha, huyo mdogo atapita wapi?"

"Hapa. Ukisogeza hayo makalio yako."

"Na akiangushwa?"

Emil alitazama ng'ambo ya uwanja, ambako Rudy alikuwa akimfungia yule mdogo kamba ya helmeti kwa mikono yake mwenyewe, bila haraka.

"Akiangushwa nitafurahi," akasema. "Lakini asiangushwe kwa sababu yako. Inama."