Tantine Pélagie na Wimbo wa Mwisho

Tantine Pélagie ana sauti inayofika kabla yake. Anauza vitenge kwa miguu, kutoka Kisugu mpaka Nsambya hapa Kampala, amevipanga begani kimoja juu ya kingine, na watu wa ghorofani hufungua dirisha hata kabla hajafika kwenye kona. "Kitenge! Kitenge cha mama, kitenge cha bibi harusi, kitenge cha mkwe mkorofi!" Ni mdogo wake mama yangu. Naishi naye na mtoto wake Heritier, mwenye miaka tisa, chumba kimoja, pazia katikati.

Ila sauti hiyo ni ya kuuzia tu. Mambo yake mwenyewe hasemi. Ukimuuliza baba yake Heritier alikufaje kule Kongo, anaanza kuosha vyombo. Tuna sufuria moja ya bluu aliyotoka nayo huko, na huwa anaifunika kwa sahani. Zamani nilimuuliza mfuniko wake uko wapi. Akaniambia nikachote maji, na jerikeni ilikuwa imejaa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa: Darlène. Walifika Kampala mwaka mmoja, wakalala mkeka mmoja, wakawa wanasukana nywele kila Jumamosi. Kisha Darlène akaitwa ofisini, pale wanapohojiwa wakimbizi wanaoomba kupelekwa nchi nyingine. Yaliyompata mwenyewe aliyaona madogo, hayatamshtua mtu. Akachukua ya rafiki yake akayasema kama yake. Mwaka jana Tantine alipoitwa naye, mwenye kuhoji aliweka kalamu chini.

"Mama, hii nimeshaisikia. Kwa mwingine."

Tantine aliinuka. Alirudi nyumbani kwa miguu. Darlène alipoulizwa alilia, lakini maneno alikuwa ameshayasema. Na safari yenyewe Darlène hajaipata mpaka leo.

Mwaka huu simu ikaja tena. Tantine arudi Jumanne aeleze upya, asipofika faili lake litafungwa. Akasema haendi.

"Niende nikaitwe mwizi wa maisha yangu mwenyewe?"

Ilikuwa bado siku tano Jumanne ifike, Mzee Oyugi alipobisha hodi. Huyu ni Mkenya, ana kibanda cha sinema hapa Kisugu: mabati, mabenchi na televisheni moja kubwa. Kampala sinema ya Kizungu haiachwi ijisemee. Kuna mtu anakaa na maikrofoni, anatafsiri, anatia utani wake, anawapa watu wa kwenye sinema majina ya mtaani. Anaitwa vijei. Wa Mzee Oyugi anatafsiri kwa Kiganda na anapenda za bunduki. Sasa mzee alikuwa amepata sinema ya nyimbo, ya wanawake weusi, akataka kuwaonyesha kina mama Wakongo na Wakenya Jumapili mchana baada ya kanisa, kwa Kiswahili.

"Mama Heritier, hiyo sauti unaimwaga barabarani bure. Njoo kwa maikrofoni."

"Kiingereza sijui, Mzee."

"Kwani vijei wangu anajua?"

Tantine alicheka, na alikuwa hajacheka wiki nzima. Akakubali.

Jumamosi, Awiti, binti yake Mzee Oyugi, alikaa naye akimwelezea kipande kwa kipande. Kwamba yuko mwanamke mwimbaji. Anamwambia rafiki yake uchungu wake, jambo ambalo hajamwambia mtu. Rafiki anautungia wimbo, anapanda nao jukwaani, watu wanasimama kumpigia makofi. Mwenye uchungu anakaa kimya nusu ya sinema.

Tantine alikuwa na kitenge mapajani. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na mwisho?" akauliza.

Awiti alitazama saa, akaruka. Alikuwa anachelewa kazini hotelini. "Mwisho anaimba, anti. Wimbo mrefu, anasema yaliyompata. Weka maneno yako tu, nani atajua?"

Jumapili kibanda kilijaa mpaka wengine wakakalia kreti za soda. Darlène naye alikuja. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kilemba amekivuta mpaka kwenye nyusi. Habari yao kila mtu aliijua, kwa hiyo kina mama walianza kugusana viwiko.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, Mzee Oyugi akashika rimoti akauruka, kama anavyofanya siku zote. Kelele zikapigwa.

"Rudisha!"

"Ni wimbo tu, mama zangu."

"Mzee, ukiruka nyimbo hapa zitabaki dakika kumi za watu kufungua milango!"

Akarudisha. Tantine alimpa mwimbaji jina la Blandine, na Blandine mwenyewe, anayekaanga mihogo pale njia panda, akasimama. "Mimi huyo? Kiuno hicho nilikiacha Bukavu!" Tukacheka. Halafu kicheko kikapungua chenyewe. Mwanamke alikuwa anavua wigi mbele ya kioo, taratibu, na uso wake ulijaza televisheni nzima, mweusi kama sisi, haujapakwa kitu. "Angalia," mama mmoja akasema chini chini. "Nywele zake kama zangu."

Kisha yule rafiki akatokea.

"Huyu anaitwa nani?" wakaanza. "Mpe jina, Pélagie! Tunalijua!" Vichwa viligeuka nyuma. Darlène alitazama miguu yake.

Tantine alisogeza maikrofoni mdomoni. "Huyu anaitwa Rafiki," alisema. "Jina lake ni Rafiki." Akaendelea kutafsiri.

Tukafika wimbo wa mwisho. Mwimbaji amesimama jukwaani peke yake, gauni jekundu, akafungua mdomo. Tantine hakuwa na neno hata moja la kuweka hapo. Mzee Oyugi alinyoosha rimoti, Tantine akamzuia kwa mkono.

"Anasema," akaanza, "tulikimbia usiku. Mimi, mume wangu, na mtoto mgongoni. Tukajificha ndani ya mtama."

Kwenye televisheni hapakuwa na mtama. Palikuwa na taa na wapiga tarumbeta. Hakuna aliyelalamika.

"Wenye silaha walikuwa wanapita barabarani. Walikuwa karibu kumaliza kupita. Anasema, wakasikia kelele. Kelele ilitoka..."

Akasimama hapo. Mwimbaji aliendelea kuimba, Tantine alibaki na maikrofoni, na sisi tukamsikia anavyopumua kwenye spika. "Kelele ilitoka," akarudia.

"Ni mfuniko."

Sauti ilitoka nyuma. Darlène alikuwa amesimama.

"Mfuniko wa sufuria ya bluu. Ulianguka kwenye jiwe. Ndipo mume wake akainuka, akatoka akawaendea, ili wasije kuwatafuta wale wawili."

"Nyamaza wewe! Hujashiba?" mtu akamtupia.

"Nitanyamaza. Lakini nilimwibia, basi acheni nimrudishie hiki kimoja." Alikuwa anamtazama Tantine, hakuna mwingine. "Pélagie, mimi nimeyasema haya mara nne pale ofisini. Mara nne, kwa watu tofauti. Niliwaambia mfuniko umeniponyoka mimi. Hakuna hata mmoja aliyesema ni kosa langu. Hata mmoja! Waliuliza tu, kwenye sufuria kulikuwa na nini?"

Tarumbeta za sinema ziliendelea kulia.

"Uji," Tantine alisema kwenye maikrofoni. "Uji wa mtoto."

"Ndiyo. Niliwaambia uji."

Tantine alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Wimbo ulikuwa unaishia. Akasema, kwa ile sauti yake ya barabarani, "Anasema alikuwa amebeba uji wa mtoto," na sinema ikaisha, na Heritier, aliyekuwa kwenye kreti ya mbele, akauliza kwa nguvu ni mtoto gani.

Darlène alikuwa ameshatoka.

Jumanne asubuhi Tantine alisema anaenda. Tulimkuta Darlène getini kwetu, amevaa vizuri, bahasha ya karatasi zake mkononi. Alitaka kwenda na Tantine akaseme kwamba yeye ndiye aliyeiba. Tantine akatikisa kichwa.

"Wewe nenda siku yako ukawaambie. Leo waache wanisikie mimi."

Nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye benchi. Mlango wao ni mwembamba, na Tantine hajui kusema taratibu. Nilisikia mwanamume akisema, "Mama, hii naona imo kwenye faili jingine."

"Ndiyo, baba. Ulisikia kwa aliyeambiwa. Mimi nilikuwepo. Andika."

Alizungumza mpaka watu wa foleni wakaacha kuchezea simu zao. Alipotoka alitaka soda.

Jibu halijaja. Wamesema miezi. Darlène alikwenda wiki iliyofuata, na yake pia hatujui itakuwaje. Nyumbani kwetu bado haingii. Anasimama getini, Tantine anamwita kwa jina, wanasalimiana, basi. Sufuria bado inafunikwa kwa sahani. Juzi Heritier alimuuliza mfuniko uko wapi, nami nikajua atatumwa maji. Tantine alimvuta karibu akamwambia, "Kaa chini."