Lenzi Ndefu Juu ya Paa la Dobi

Mtaani walimwita Kidevu-Juu, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia watu maneno yale yale: kaa wima, kidevu juu, usicheke. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye stuli, taa mbili na shuka jeupe ukutani. Alipiga picha za paspoti, na kwa weupe wa lile shuka hakuwa na masihara. Doa likionekana, hata la inzi, mteja alirudishwa kwenye stuli apigwe upya, apende asipende.

Basi mtu huyo, aliyezoea nyuso zilizo hatua tatu mbele yake, sasa kila asubuhi saa nne alikuwa juu ya paa la dobi, akimlenga mkewe kwa lenzi ndefu kama mkono wa mtoto.

Mkewe alikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili, wodi ya kifua kikuu, ambako wageni hawaruhusiwi mpaka makohozi yatoke safi. Simu alikuwa nayo, ile ya vitufe, lakini ingesaidia nini? Mwanamke yule angeweza kuwa hoi bin taabani na bado akasema, "Sijambo, wewe umekula?" Sauti yake ilikuwa fundi wa kuficha mambo. Uso wake haukuujua ufundi huo, na Kidevu-Juu aliutaka uso.

Lenzi yenyewe aliinunua zamani kwa mpiga picha wa gazeti aliyestaafu, mzee aliyekuwa akikimbizana na mechi za mpira. Ilikaa ndani ya boksi chini ya kitanda miaka chungu nzima. Haikujua kujifanyia lolote. Kwanza unalifungua tundu lake lote upate mwanga wa kuonea, unazungusha pete taratibu mpaka kope za mtu zionekane mojamoja, kisha unalifinya tundu kwa kidole bila kuondoa jicho, unabana pumzi, ndipo unabonyeza. Ukipumua tu, mke anageuka wingu. Na kwa kuwa nguzo ya umeme ililiziba nusu ya dirisha, mahali pekee palipofaa ni ukingoni kabisa mwa paa, ambalo halikujengewa hata tofali moja la kumzuia mtu. Alisimama pale, jicho moja amelifumba, hofu yake yote iko ng'ambo. Mkewe alikuwa akibaki dirishani mpaka yeye afunge vitu vyake, na hilo alilihesabu kuwa dalili njema.

Siku nane alipiga picha nyeusi na nyeupe, maana zilimwonyesha vizuri mifupa ya mashavu. Kila jioni alizipanga mezani akizilinganisha. Shavu limebonyea zaidi ya jana, au ni kivuli? Na huu mfupa wa shingo, jana ulikuwepo? Chakula kilipoa pembeni.

Mama mkwe, aliyekuja kumshikia nyumba, alizitazama mara moja tu akazisukuma mbali. "Baba, hizi ni picha za kutangazia msiba. Mwanangu hajafa."

"Nyeusi inaonyesha zaidi, mama."

"Inaonyesha nini? Niletee ya rangi nikione kitambaa chake chekundu, roho yangu itulie."

Siku ya tisa akaigeuza kamera ipige ya rangi. Mkewe akatokea dirishani, kitambaa chekundu kichwani, nesi nyuma yake. Akafungua, akazungusha, akafinya, akabana pumzi, akabonyeza. Kisha akatazama picha nyuma ya kamera.

Mkewe alikuwa wa manjano. Paji la uso manjano, viganja manjano, na alipoikuza picha, weupe wa macho nao ulikuwa kama kitambaa cha kuchujia chai. Siku ya kwanza daktari alimwambia waziwazi: dawa hizi mara nyingine huligusa ini, macho yakianza kuwa ya manjano hatutaki kuchelewa hata saa moja. Akashuka ngazi za dobi mbilimbili, lenzi kaikumbatia, akavuka barabara huku magari yakimpigia honi na dereva mmoja akimtukania ukoo mzima.

Nesi mmoja, aliyeshuka aliposikia kelele, alimkuta kwenye kidirisha cha mapokezi, anagonga kioo kwa ngumi.

"Baba, pumua kwanza."

"Ini! Ini lake limekwisha! Tazama macho hayo! Mnampa dawa halafu hamumtazami?"

Nesi, mwanamke mnene asiye na haraka, akaipokea kamera, akaitazama picha, akamtazama na yeye. "Na huyu wa nyuma ni nani?"

"Sijui. Nesi fulani."

"Ni mimi. Mimi nami ini limekwisha?"

Kidevu-Juu akainama kuangalia. Gauni la nesi pichani lilikuwa la manjano. Ukuta, manjano. Mashuka yaliyoanikwa barazani, manjano matupu. Akainua macho: gauni lililosimama mbele yake lilikuwa jeupe pe.

Ndipo alipokumbuka maneno ya yule mzee wa gazeti: usiifungie gizani, vioo vyake ni vya aina inayogeuka manjano, iache iote jua. Yeye akaisukumia chini ya kitanda. Miaka yote hiyo anarudisha watu kwenye stuli kwa doa la inzi, na leo dunia nzima ilikuwa ya manjano, yeye akamwona mkewe peke yake. Aibu ilimpanda, lakini nafuu ilikuwa kubwa zaidi, na machozi yalimtoka mbele ya watu.

"Damu yake tuliipima jana, ini halina neno," nesi akasema, sasa kwa upole. "Majibu ya makohozi ni Ijumaa, hayo siwezi kukuahidi. Ngoja umsikie mwenyewe." Akapiga simu ya wodini, akampitishia mkonga.

"Umekula?" mkewe akauliza.

"Achana na hayo. Niambie kweli, unaendeleaje?"

Akasikia pumzi nzito kwanza. "Kweli? Nikisimama nashikwa na kizunguzungu. Daktari kanikataza. Nesi hunishika kiuno, ndiyo maana unamwona nyuma yangu."

"Sasa dirishani unafuata nini, mke wangu? Kwa ajili ya picha tu?"

"Picha zako nizifanyie nini? Siku ya kwanza nilikuona ukingoni mwa lile paa, jicho umelitia kwenye bomba lako, nusu ya mguu iko hewani. Tangu siku hiyo ikifika saa nne silali. Nakuja kuhakikisha hujaanguka, na siondoki mpaka ushuke."

Kidevu-Juu akaurudisha mkonga taratibu.

Kesho yake lenzi ilibaki uani ikiota jua, mama mkwe akiilinda kama nguo mbichi. Saa nne yeye akapanda na stuli ya wateja, akaiweka katikati ya paa, mbali na ukingo, akaketi wima. Nguzo iliziba nusu ya dirisha, na kwa macho matupu hakuona shavu wala mfupa, ila doa jekundu tu. Hofu ya Ijumaa ilikuwa palepale. Akapunga mkono. Doa jekundu likapunga mara moja, likaondoka dirishani, likaenda kulala.