Kadi Iliyomvua Nyanya Kitambaa

Msione nasimulia nikicheka mkadhani yamenitoka, hadi leo nikikutana na mashemeji zangu hapa mtaani kwetu Alunguli naona haya ya kunizamisha ardhini, na hasira inanipanda upya, kwa sababu kosa lilikuwa langu, sawa, lakini halikuwa langu peke yangu.

Mimi nina kibanda cha kompyuta, na ugonjwa wangu ni vipuri: wenzangu wanaota pikipiki, mimi naota prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Mwaka jana nilijinyima mpaka nikaagiza Goma kadi ya grafiki, kile kipande kinachobeba kazi ya picha ndani ya kompyuta, ikaja kwa ndege imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto. Ilikuwa ndefu kuliko kasha lenyewe la kompyuta, nikakata bati kwa msumeno ikaingia. (Vijana wa pale kibandani walinionya kwamba prosesa yangu ni mzee, haitaiweza kadi ile, nikawaambia ni wivu.) Na muuzaji, huyo simsamehe, aliniapia kwenye simu kwamba programu aliyoniwekea inamrudisha mtu hata kama picha yake imebaki nusu.

Sasa, mama mkwe wangu ana picha moja tu ya mama yake. Huyo nyanya alifia porini upande wa Kibombo wakati wa vita, walipoukimbia mji, na binti yake aliificha picha ile kifuani wakavuka mto nayo, maji yakaingia, yakala macho na kichwa chote cha juu. Kila mwaka familia inamsomea hitma, na safari hii mke wangu Zaituni akaniomba niikuze picha, wajukuu waione baada ya chakula. Kuikuza tu, basi, hakuomba zaidi.

Lakini mimi na kadi yangu mpya! Nikaamua kujaza palipoliwa. Mtu mwenye akili angemwuliza mama mkwe mama yake alikuwaje, ila kwetu mkwe hamkabili mama mkwe kumhoji mambo ya uso wa mtu, hata salamu namtolea nikitazama pembeni, na Zaituni alizaliwa baada ya vita, hajui lolote. Nikaona kuliko kuvunja heshima, bora mashine ikisie. Kadi ikavuma mchana kutwa, ikatoa mwanamke mzuri, macho makubwa, nywele zimelala mabegani (niliona hazina kitambaa, ndiyo, nikajiambia labda alipigwa picha akiwa nyumbani). Sikumwonyesha Zaituni. Nilitaka ashangae pamoja na wenzake.

Siku ya hitma tukatundika shuka ukutani, nikawasha jenereta na projekta ya kurushia picha, na walimu waliosoma hitma walikuwa bado wameketi. Nikasimama, hakuna aliyeniomba, nikahutubia habari za kadi yangu, kisha nikabonyeza. Mwalimu mmoja akageuza uso. Shemeji yangu mkubwa akauliza kwa upole huyu mcheza sinema ametoka wapi, watoto wakaangua kicheko, nami nikabonyeza ili nifunge, na ile prosesa mzee ikaganda hapohapo, mwanamke na nywele zake akabaki ukutani, mimi nagonga vitufe jasho linanitoka.

Mama mkwe akainuka, akaenda akasimama mbele ya shuka, zile nywele zikamwangukia usoni yeye mwenyewe.

“Huyu mwanamuke mimi simujui,” akasema. “Mama yangu hakutokaka inje bila kitambaa kwa kichwa, hata ile siku tulikimbia.”

Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nioe.

“Mukwe, mimi niko hapa, niko muzima. Juu ya nini haukuniuliza?”

Nikang'oa waya.

Ninachokasirikia ni hiki. Wanasema ndani ya vipande hivi mna madini yanayochimbwa huku kwetu, na katika vita watu walifukuzwa majumbani kwao kwa ajili ya udongo huo, nyanya akafa akikimbia, halafu udongo huohuo unaturudia kwenye sanduku la kung'aa, nasi tunaulipia, kuja kumvua kitambaa marehemu mbele ya walimu! Nani aliupa ruhusa? (Mimi. Najua. Msinikumbushe.)

Kesho yake nilipeleka picha ileile, imekuzwa pamoja na doa lake la maji, na mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili. Kadi ipo, vijana wanachezea michezo. Ukiniletea picha iliyoharibika nitaifuta vumbi na kuikuza, lakini palipoliwa sitapagusa tena, na ukitaka kujua palikuwaje, nenda kamwulize aliyemwona, upesi, angali hai.